Sarafu Iliyopigwa Kando

Kila Jumamosi asubuhi, kabla soko halijachangamka, Wembe na mama yake walifungua milango ya choo cha kulipia. Mama alimwaga maji yenye dawa sakafuni, akasugua kwa ufagio mgumu mpaka vigae vikang'aa. Wembe alijaza mapipa ya maji, akaweka sabuni penye beseni la kunawia, kisha akaketi nyuma ya dirisha dogo lenye sinia la bati. Kwenye sinia hilo wateja waliweka sarafu zao kabla ya kuingia.

Wembe halikuwa jina lake la kuzaliwa. Mama yake ndiye aliyembandika jina hilo kwa sababu ya ulimi wake, kwani tangu akiwa mdogo alikuwa na neno la kumkata kila mtu. Shuleni wenzake walimpa jina jingine: Binti Choo. Lilitungwa na msichana mmoja mwenye begi la magurudumu, nalo likashika kama gundi. Wembe hakulia. Aliamua tu kwamba wote waliomcheka ni wapumbavu, na kwa kuwa waliomcheka walikuwa wengi, alijiona anaishi katikati ya wapumbavu wengi mno.

Pale dirishani aliwaona wote. Aliwaona vijana wauza simu walioingia chooni na miwani ya jua. Alimwona karani wa soko aliyeomba kuingia bure kila siku, akidai pochi yake ameisahau ofisini. Lakini hakuna mtu ambaye Wembe alimchukia kama Mama Soksi.

Mama Soksi aliuza soksi, leso na vibanio vya nywele kwenye meza iliyo karibu na choo. Alikuja kila siku, maana hakuwa na choo kingine, ila alikuja kama malkia aliyelazimishwa kupita jalalani. Alibana pua kwa vidole viwili, akairusha sarafu kwenye sinia kutoka mbali ili mkono wake usiguse kitu. Mara nyingine sarafu ilidunda na kuanguka chini, na Wembe akalazimika kuinama kuiokota.

"Hivi hiyo pua yake ni ya dhahabu?" Wembe alimwuliza mama yake siku moja. "Choo chetu ni kisafi kuliko meza yake."

"Amelipa?" Mama aliuliza huku akikamua tambara.

"Amelipa."

"Basi. Pua ni yake, aibane atakavyo."

Ndipo ukaja ugonjwa wa sarafu.

Ulianzia kwenye simu. Mtu fulani alisambaza video yenye sauti nzito ikieleza kwamba zipo sarafu zilizokosewa kiwandani. Nyingine picha yake imepinduka. Nyingine maandishi yamejirudia. Nyingine mashine ilizipiga kando, picha ikaangukia upande mmoja na upande mwingine ukabaki mtupu. Sarafu za namna hiyo, sauti ilisema, matajiri wanazinunua kwa bei ya nyumba. "Chunguza mfuko wako," sauti ilimalizia. "Huenda wewe ni tajiri na hujijui."

Watu wazima, wenye ndevu na wajukuu, waliyasikia hayo wakapagawa. Muuza nyama aliacha kisu juu ya paja la mbuzi akawa anageuzageuza sarafu juani, huku nzi wakijilia bila wasiwasi. Kinyozi alimwacha mteja na nusu kichwa. Karani wa soko alizikwangua sarafu kwa funguo, eti aone kama chini ya picha kuna picha nyingine. Kila mtu alificha sarafu zake nyumbani ili azichunguze vizuri, na kwa hiyo chenji ikaadimika soko zima. Ukitaka kiberiti kimoja kwa noti, uliambiwa uchukue viberiti vya kutosha mwaka mzima au urudi nyumbani. Soko lilijaa matajiri watarajiwa ambao hawakuweza kuuziana hata kitunguu.

Wembe aliwatazama akaona raha. Kumbe alikuwa sahihi siku zote.

Mjomba wake alifika siku hizohizo. Alikuwa kaka wa mama yake, na alijiita Mwekezaji. Aliwahi kuwekeza kwenye sungura, wakafa wote. Aliwahi kuwekeza kwenye dawa ya kupunguza tumbo, akaionja mwenyewe, akanenepa. Kila uwekezaji wake ulianza na tai shingoni na ukaisha na kumwomba dada yake nauli. Safari hii alikuja na tai nyekundu na kioo cha kukuzia maandishi.

"Shikamoo, mjomba," Wembe alisema.

"Marahaba. Dada, umekalia mgodi wa dhahabu na unasugua sakafu!" Mjomba alijibu, akaketi kwenye kiti cha Mama bila kukaribishwa, akalivuta kopo la sarafu magotini. "Mji mzima unajisaidia hapa. Kila sarafu ya mji huu inapita kwenye sinia hili. Umewahi kuliwaza hilo?"

"Nimewaza kwamba pipa la pili halina maji," Mama alisema. "Ndoo ile pale, kaka."

"Mimi si mtu wa ndoo."

"Najua. Nimekujua tangu tukiwa wadogo."

Mjomba alikaa pale asubuhi nzima, akisogeza kila sarafu chini ya kioo chake na kuguna kama daktari. Wateja walisubiri chenji zao huku wakiruka mguu mmoja hadi mwingine, na yeye akawaambia wawe na subira kwa sababu hiyo ni sayansi. Mzee mmoja alikasirika akaondoka, na haikujulikana alifika wapi na haja yake.

Mchana alitokea yule msichana mwenye begi la magurudumu. Hakuwahi kukanyaga pale. Sasa alisimama dirishani akitabasamu mpaka meno ya nyuma.

"Rafiki yangu mpenzi!" alisema. "Nimekukumbuka! Naweza kuziangalia sarafu zenu kidogo tu?"

"Sarafu za chooni zinanuka," Wembe alimjibu. "Utachafua vidole."

"Jamani, ule ulikuwa utani tu."

"Na huu ni utani pia. Kama hujabanwa, toka kwenye foleni."

Msichana yule aliondoka uso umemshuka. Wembe alihisi utamu mdomoni, kana kwamba amelamba asali.

Jumamosi iliyofuata chenji ilizidi kuadimika. Wateja wa choo walileta noti, na Mama hakuwa na cha kuwarudishia. Akawaomba majirani wenye sarafu wamletee, naye awape noti. Mama Soksi ndiye aliyekubali. Yeye aliuza vitu vya bei ndogo, kwa hiyo sarafu hazikumwishia, na yule aliyemletea soksi kwa jumla hakutaka kulipwa mzigo wa vyuma. Kuhusu video ile, Mama Soksi aliisikia, akasonya. Wala asingeweza kuchunguza chochote hata kama angetaka, maana macho yake yalikuwa hafifu kwa vitu vya karibu, na miwani alikataa kuvaa akisema itamzeesha.

Alipokuja, Mama alikuwa amekwenda kulipia bili ya maji. Mjomba naye alikuwa nje akiwaeleza vijana wauza simu jinsi tajiri anavyofikiri. Mama Soksi alibana pua, akamwaga sarafu zake kwenye sinia.

"Hesabu upesi," alisema kwa sauti ya puani. "Na usinipunje. Nawajua nyinyi."

"Sisi akina nani?"

"Nyinyi. Hesabu."

Wembe alianza kupanga sarafu katika mafungu. Ndipo alipoiona. Picha yake ilikuwa imeangukia ukingoni, kichwa cha ndege kimekatwa na ukingo wa sarafu, na upande wa pili chuma kilikuwa kitupu, laini kama ukucha. Haikukwanguliwa wala kupindwa. Ilizaliwa hivyo.

Alimtazama Mama Soksi. Mama Soksi alikuwa ameangalia kando, pua ameibana, anasubiri kama mtu anayesubiri moshi upite. Wembe akawaza: mtu huyu angeshika dhahabu mkononi angeitupa kwenye sinia. Hastahili. Akaifunika sarafu kwa kiganja, akaitelezesha mapajani, akachukua sarafu ya kawaida kutoka kwenye kopo na kuiweka mahali pake. Kisha akahesabu hadi mwisho na kumpa noti zake, kamili.

"Umehesabu vizuri?" Mama Soksi aliuliza.

"Hakuna kilichopungua," alisema Wembe, na alijiona anasema kweli.

Hakuona haya hata kidogo. Alipomwita Mjomba na kumwonyesha, Mjomba alishika ukuta asianguke.

"Umeipata wapi?"

"Kwa Mama Soksi. Hajui. Nimembadilishia."

"Akili hiyo umeirithi kwangu!" Mjomba alisema, akaikaza tai. "Twende sasa hivi. Mama yako akirudi ataanza maswali."

Walifunga dirisha wakaenda kwenye duka la vitu vya kale, nyuma ya ofisi ya posta. Mwenye duka alikuwa mwanamke mnene mwenye sauti kavu, aliyenunua redio za zamani, stempu na sarafu. Watu walikuwa wamejipanga mpaka barabarani. Mmoja baada ya mwingine waliweka utajiri wao mezani, na mwenye duka akausukuma pembeni kwa kidole.

"Hii umeigonga kwa nyundo. Hii umeikata kwa tupa. Hii ni sarafu tu, haina kosa lolote, kosa liko kwako."

"Lakini kwenye video—"

"Rudi kwenye video ikulipe. Anayefuata!"

Wembe aliwatazama wakitoka vichwa vimeinama, na akaona ametofautiana nao kama mlima na kichuguu. Zamu yao ilipofika, Mjomba aliiweka sarafu mezani taratibu. Mwenye duka alinyoosha kidole chake kuisukuma, kisha kidole kikasita. Akavaa miwani. Akaipima kwenye mizani ndogo, akapitisha ukucha kwenye ukingo wake, akaigeuza mara nyingi.

"Hii ni ya kweli," alisema hatimaye. "Kipande cha chuma kiliteleza, mashine ikakipiga kando. Si bei ya nyumba, msijidanganye. Lakini inatosha kununua jokofu zuri, na chenji ikabaki. Ni ya nani?"

"Yangu," Mjomba alisema kabla Wembe hajafungua mdomo. "Marehemu baba yangu aliniachia. Akiwa kitandani, alinishika mkono, akaniambia, mwanangu, itunze." Sauti yake ilianza kutetemeka. Macho yake yakapata machozi halisi.

Babu yake Wembe alifariki shambani, ghafla, akipalilia, na Mjomba hakuwapo hata kwenye mazishi.

"Na mtoto huyu?" mwenye duka aliuliza.

Mjomba aliinama juu ya meza, akashusha sauti, ila si vya kutosha. "Huyu? Huyu ni mtoto wa chooni tu, nimekuja naye anibebee mfuko. Hajui kitu. Nilipe mimi, yeye nitamnunulia pipi, atafurahi. Watu wa namna hiyo hata ukiwapa dhahabu wataitupa kwenye sinia."

Wembe alisimama kama aliyemwagiwa maji baridi. Halikuwa neno la Mjomba lililomchoma zaidi. Kilichomchoma ni kwamba alilijua neno lile. Alikuwa ameliwaza mwenyewe asubuhi hiyo, karibu vilevile, akimtazama Mama Soksi amegeukia kando. Kumbe hivi ndivyo linavyosikika ukiwa wewe ndiye unayesemwa.

Akanyoosha mkono, akaichukua sarafu mezani.

"Si yake," alimwambia mwenye duka. "Wala si yangu."

"We mtoto!" Mjomba aliruka. "Irudishe hapo! Unajua jokofu ni nini wewe?"

Lakini Wembe alikuwa ameshatoka mlangoni. Nyuma yake alisikia sauti kavu ya mwenye duka ikisema, "Futa machozi, bwana. Anayefuata!"

Mama alikuwa amesharudi, anawafungulia wateja waliokasirika. Wembe alimweleza yote bila kupamba. Mama alimsikiliza huku akiendelea kupokea sarafu, na uso wake ukazidi kuwa mgumu.

"Nilimpa nyingine ya thamani ileile," Wembe alimaliza. "Sikumpunja hata kidogo, mama."

"Kama hukumpunja, mbona uliifunika kwa mkono?"

Wembe akakitazama kiganja chake.

"Twende," Mama alisema. "Utazungumza wewe. Mimi nitasimama tu."

"Mama, ataita watu! Atatusema soko zima!"

"Huenda. Twende."

Mama Soksi alikuwa anakunja soksi. Wembe alipoiweka sarafu mezani na kueleza, mwanamke yule alisimama ghafla mpaka kiti kikaanguka.

"Nilijua!" alipaza sauti. "Nilisema mimi! Watu wa chooni! Leo mmeiba sarafu, kesho mtaiba meza!" Watu wakaanza kusogea, maana hakuna kinachowavuta wapumbavu kama kelele. Muuza nyama alikuja na kisu chake mkononi. "Nakwenda kwa msimamizi wa soko sasa hivi, mnyang'anywe hicho choo!"

Choo kile ndicho kilichowalipia pango, sare ya shule, kila kitu. Wembe alimwangalia mama yake. Mama hakurudi nyuma.

"Twende kwa msimamizi pamoja," Mama alisema kwa utulivu. "Nitamweleza yaliyotokea, sitapunguza. Ila chukua mali yako kwanza, na umwache mtoto amalize, hajamaliza."

Mama Soksi alimgeukia Wembe. "Haya. Maliza."

"Niliona ni ya thamani, nikanyamaza," alisema Wembe. Sauti yake ilikuwa ndogo, lakini hakuangalia chini. "Nilijiambia hustahili, kwa sababu unatubania pua na unaturushia pesa. Nilikudharau, ndiyo maana nikaona siyo wizi. Lakini ni wizi. Nisamehe."

Mtu mmoja akacheka. Mama Soksi hakucheka. Masikio yake yalikuwa yamebadilika rangi, na haikueleweka kama ni hasira au ni aibu.

"Ungeweza kuiuza kimya kimya?" aliuliza.

"Ndiyo. Ilikuwa imeshakubaliwa dukani."

"Basi mbona hukuiuza?"

"Nilimsikia mtu ananisema mimi kama nilivyokusema wewe moyoni."

Mama Soksi aliichukua sarafu, akaileta karibu na jicho moja, akaisogeza mbali, akaileta karibu tena. Kisha akaitia kifuani, akaokota kiti chake, akaketi.

"Mnatazama nini?" aliwafokea watu. "Kuna anayenunua soksi? Kama hakuna, ondokeni, mnanizibia njia. Na nyinyi wawili pia."

Kwa msimamizi hakwenda. Kesho yake alipeleka sarafu kwa mwenye duka la vitu vya kale, akaiuza kwa bei nzuri, akanunua kabati la vioo la kuwekea bidhaa zake. Wembe na mama yake hakuwapa kitu, wala hakusema asante.

Ugonjwa wa sarafu ulipoa wenyewe, kama homa. Watu walichoka kugeuza vyuma juani, wakavirudisha sokoni, na vitunguu vikaanza kuuzwa tena. Hakuna aliyekiri kwamba aliwahi kuamini. Ukimwuliza muuza nyama, atakwambia yeye alikuwa akiwacheka wenzake tu. Mjomba alipita siku moja bila tai, akasema sarafu zimepitwa na wakati, sasa yeye yumo kwenye konokono. Mama alimpa ufagio badala ya nauli. Aliutazama kama mtu aliyepewa nyoka, akaondoka zake kwa miguu.

Jioni moja, wakiwa wanafunga milango, Wembe aliliona lile kabati la vioo likimetameta upande wa pili, na uchungu ukampanda.

"Hata asante, mama! Jokofu zima, na hata asante hakusema. Nilikuwa sahihi kumhusu. Ni mtu wa hovyo."

Mama alifunga kufuli, akalivuta kuhakikisha limeshika, kisha akaketi kwenye ngazi na kumwonyesha nafasi kando yake.

"Keti. Ulirudisha sarafu ili akushukuru?"

"Hapana. Lakini..."

"Sikiliza, mwanangu. Inawezekana ni mtu wa hovyo. Mimi nimempokea kila siku kwa miaka, namjua kuliko wewe. Lakini wewe angalia kilichokupata. Ulianza kwa kumdharau, na dharau haikuishia mdomoni. Ilishuka mpaka mkononi. Ukishamwona mtu si kitu, kuchukua kilicho chake unaona si kosa. Hata mjomba wako hakuanza kwa kutaka kukuibia wewe. Alianza kwa kukuona mtoto wa chooni. Na yule anayetubania pua naye yuko njia hiyohiyo, ila yeye hajafika mbali kama ulivyofika wewe."

Wembe alikunja uso. "Kwa hiyo sasa nimpende?"

Mama alicheka, mara ya kwanza kwa siku nyingi.

"Nani amesema umpende? Mimi mwenyewe simpendi. Usimpende, sawa. Lakini chake ni chake."